Sare Themanini na Nne

Jumanne asubuhi Mama Pasi aliinua sare ya kwanza kutoka kwenye tenga, akaigeuza ndani nje, akatafuta alama kwenye mshono wa ubavuni. Hakuiona. Akasogea dirishani, akauvuta mshono kwa ukucha. Nyuzi tatu za alama zilikuwepo, ndiyo, lakini zote zilikuwa nyeupe pe, nyeupe kama sare yenyewe. Akachukua ya pili. Nyeupe. Ya tatu, ya nne, ya kumi, mambo yale yale. Alipofika ya ishirini alivuta stuli akakaa.

"Yarabi toba," alisema peke yake. "Tumekwisha."

Zilikuwa sare themanini na nne za wanafunzi wa chuo cha uuguzi. Mahafali yao ni keshokutwa, Alhamisi. Kesho saa sita mchana sare zote zilitakiwa ziwe chuoni, kila moja imefungwa na karatasi ya jina la mwenyewe. Na usidhani sare ni sare tu. Kila msichana alikuwa amepimwa na fundi, akashonewa kwa mwili wake, kwa pesa ambayo mzazi aliikusanya kwa jasho. Ukimpa ya mwenzake, mkono unabana, kifua hakifungi, upindo unafika magotini, na hapo mama yake amekaa mstari wa mbele amevaa vizuri kumtazama mwanawe.

Nyuma ya sare kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Matroni wa chuo alikuwa amesema akiridhika na kazi hii, mashuka ya hospitali nzima yatakuja kwao, wiki kwa wiki. Kwa tamaa ya mashuka hayo mume wa Mama Pasi alikuwa ameshawafukuza wateja wote wadogo, mmoja mmoja. Sare zikipotea njia, mwisho wa mwezi nyumba ile haina hata shati la kufua.

"Tingatinga!" aliita. "Hebu njoo!"

Mfuaji akaja akijifuta mikono. Alikuwa mtu wa miraba minne, ndiyo maana akaitwa hivyo, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa kwaya.

"Nyuzi za rangi zimekwenda wapi? Nyekundu, bluu, njano?"

"Ah, zile. Zilikwenda na maji jana, mama. Nguo nyeupe nimezichemsha na dawa ya kung'arisha, sasa uzi wa pamba utabakije na rangi? Maji yenyewe yaligeuka kama sharubati."

"Ukaona?"

"Nikaona."

"Ukanyamaza?"

"Mama, mimi ni Kikosi cha Pipa," Tingatinga alisema kwa huzuni ya kweli. "Bosi alisema habari za pipa ziishie pipani."

Na ilikuwa kweli.

Watu wengine huokota pesa kwenye takataka. Mume wa Mama Pasi aliokota vita. Kilo tano za makaratasi ya kufungia nguo walizonunua zilikuja na kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, habari za jemadari mmoja wa kale na jinsi alivyoziteka nchi za watu. Wiki mbili mume hakufanya kazi nyingine ila kusoma. Alipomaliza, hakuwa tena dobi. Biashara ni vita, alisema, na sisi tumekuwa tukipigana kama wanawake wanaogombania ndoo. Mtaa mzima ukaanza kumwita Jemadari, wao kwa utani, yeye akapokea kwa heshima zote.

Akagawa jeshi. Jeshi lenyewe watu watatu: dada yake mkubwa akawa Kikosi cha Lango, apokee nguo tu, Tingatinga Kikosi cha Pipa, mkewe Kikosi cha Pasi. Kila mmoja ajue zamu yake, asiulize ya mwenzake, ili adui akimkamata mmoja asipate siri yote. Orodha ya majina na alama aliishika yeye, kwenye daftari alilolifungia kabatini. Kisha akavunja daraja nyuma ya jeshi, kama alivyofanya yule wa kale ili askari wasiwe na pa kurudi. Daraja lenyewe ndilo hao wateja wadogo: karani wa benki, mwalimu wa hesabu, mama wa saluni na mataulo yake.

"Vita vya maana havipiganwi kwa shati moja moja," aliwaambia, na wale watu wakabeba mafurushi yao wakavuka barabara, wakaenda kwa Povu.

Povu ndiye aliyekuwa adui. Dobi mzee wa upande wa pili, mtu wa kuimba huku anafua mpaka povu linampanda ndevuni. Jemadari alikwenda kumpeleleza siku tatu, amekaa kibarazani kwa watu na gazeti usoni, akihesabu wanaoingia na kutoka. Siku ya pili Povu alimtumia chai, akauliza kama anapenda sukari nyingi.

Na hizo rangi? Miaka yote dada mtu alitia alama kwa uzi mweupe kwenye nguo nyeupe, akitofautisha kwa idadi ya mishono na fundo, upande wa kushoto au wa kulia. Lakini Jemadari alisema jeshi lisilo na bendera ni kundi la wahuni, akaagiza rangi. Jumamosi, wasichana walipokuja na sare zao wamepanga foleni, dada alimvuta pembeni.

"Kaka, nguo nyeupe haitiwi uzi wa rangi."

"Dada, wewe uko langoni. Askari hajadili amri."

Dada akashona rangi.

Jumapili Jemadari alimwona dada yake ng'ambo ya barabara akisalimiana na Povu. Aliporudi, Jemadari alimtaka afungue mkoba. Mbele ya mkewe, mbele ya Tingatinga, mbele ya jirani aliyekuja kuazima ndoo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na kupekua. Ndani mlikuwa na kitana, chupa ya dawa ya kifua na nusu mkate uliofungwa kwenye karatasi. Dada alivipanga tena taratibu mkobani, kitana, chupa, mkate, akaufunga zipu, akaondoka. Ni yeye aliyemlipia mdogo wake ada ya shule kwa kufua nguo za watu mtoni. Hakulisema hilo. Angelisema, Mama Pasi angalau angepata pa kulilia.

*

Jemadari aliingia na kalamu sikioni. Mkewe alimweleza kwa maneno machache. Akazitazama sare, akaona weupe ule, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa ule wa zamani, wa kijana aliyeunguza shati la mchumba wake kwa pasi akaja na machozi kuomba radhi. Mama Pasi alitaka kumshika mkono. Kisha uso ukafungika.

"Hakuna kilichoharibika," alisema. "Jeshi likipoteza bendera halijapoteza vita."

"Mume wangu, hizi ni nguo za watu."

"Tutazipanga kwa ukubwa. Kubwa, za kati, ndogo. Tunazifunga vizuri, tunafika kesho saa sita kasorobo, tunawaachia mapokezi, tunaondoka. Wakianza kugawana wenyewe watachanganyikiwa, na hakuna atakayejua nani kachanganya. Tutasema ni wao."

"Tuwasingizie watoto wa watu?"

"Siyo kusingizia. Ni hila. Jemadari wa kale aliuteka mji mzima kwa kuwasha moto mahali ambapo hapakuwa na askari hata mmoja."

"Basi wewe unauwasha mahali alipo mkeo," Mama Pasi alisema. "Na mimi siungui."

Alichomoa pasi kwenye umeme, akaiweka wima, akachukua mtandio. Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuiacha pasi saa tatu asubuhi. Tingatinga alisimama kando kumpisha kama anapisha gari la zima moto.

"Kikosi cha Pasi kinakwenda wapi?" Jemadari aliuliza, na sauti haikuwa na ujemadari wowote.

"Kinakwenda kumtafuta wifi yangu."

*

Wifi alikuwa amejihifadhi kwa rafiki yake, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, chumba kimoja kilichojaa vitambaa. Alikuwa amekaa kitandani anatoa nyuzi kwenye suruali ya mtu. Hata ugenini mikono yake haikujua kukaa bure.

"Amekutuma?"

"Hajanituma, wifi. Nimejituma."

"Basi kaa. Ungesema amekutuma ningekunyima hata kiti."

Mama Pasi akakaa, akaeleza. Alipofika kwenye maji ya sharubati, wifi alifumba macho.

"Nilimwambia," alisema.

"Ulimwambia. Na mimi nilikusikia unamwambia, nikanyamaza, maana nilikuwa napiga pasi. Ndilo lililonileta pia. Siku ya mkoba nilisimama pale kama kabati. Nisamehe, wifi yangu."

Wifi aliendelea kuvuta uzi kwa muda. Mama Pasi alisikia cherehani ya jirani ikikata roho na kufufuka. Alikuwa tayari kupiga magoti, na angepiga, kama sakafu isingejaa pini.

"Zile sare," wifi alisema mwishowe, "nilizipokea kwa mkono wangu. Kila mmoja alinipa yake ananitazama usoni. Kuna mmoja aliniambia, 'Shangazi, itunze, mama yangu hajawahi kuniona nimeivaa.' Siji kwa ajili ya mdogo wangu. Yeye bado nina neno naye. Nakuja kwa ajili ya wale watoto."

"Utazitambua?"

"Nguo haisahau mwili, wifi. Anayeandika kwa kushoto, kiwiko cha kushoto kinakwisha mapema. Anayebeba mkoba begani, bega hilo linapauka. Labda thelathini nitazijua. Arobaini, nikipata baraka. Zilizobaki lazima wenyewe waje wazivae."

"Maana yake tuwaambie."

"Mficha uchi hazai," wifi alisema, akasimama kutafuta viatu. "Twende kwa matroni."

*

Matroni aliwaacha wamesimama kwenye ukumbi nusu saa, karibu na ubao wa matangazo, wanafunzi wakipita na kuwatazama. Mfagiaji aliwaomba wainue miguu mara mbili. Walipoitwa ndani hawakuambiwa wakae.

Mama Pasi alikuwa amepanga maneno njiani, mazuri, ya kuomba na kueleza. Yote yakamtoroka. "Mama, tumepoteza alama," alisema. "Sare zote zipo, safi, hakuna iliyochanika. Lakini hatujui ipi ni ya nani. Kosa ni letu, siyo la wanafunzi."

Matroni alivua miwani. "Zote themanini na nne?"

"Zote, mama."

"Na mmekuja leo kuniambia."

"Tungekuja kesho ingekuwa tumechelewa."

Yule mwanamke aliwatazama, kwanza mmoja, halafu mwingine. Alikuwa na sura ya mtu aliyedanganywa mara nyingi na watu waliovaa suti. Kisha akavuta ratiba. "Leo wanatoka darasani saa nane. Nitawaleta kumi kumi. Na muwe na kioo, maana hao hata kwenye chumba cha upasuaji wanajitazama kwenye mkasi."

Mama Pasi alitoka nje akaegemea ukuta, akalia kidogo kwa shukrani, machozi mawili matatu tu, kwa sababu kazi ilikuwa inangoja.

*

Walipofika nyumbani walikuta shida nyingine. Sare ikijaribiwa inakunjika, ikikunjika inataka pasi upya, na pasi nzima ilikuwa moja. Meza moja. Ua mdogo wa kujazana watu sita. Wifi alipita mbele ya kaka yake bila kumwangalia, akamwaga tenga la kwanza juu ya meza.

Ndipo Povu akavuka barabara. Alikuwa amebeba pasi mbili, moja kila mkono, waya zimemzunguka shingoni. Tingatinga, aliyekatazwa kupeleka habari za pipa kwa Kikosi cha Pasi, hakuwa amekatazwa kuzipeleka ng'ambo.

Jemadari alisimama mlangoni. "Unataka nini?"

"Nataka mahali pa kuchomeka hizi."

"Sikukuita."

"Hukuniita, ni kweli. Ukinisubiri uniite nitakuwa nimekufa." Povu akamtazama kwa upole. "Bwana mdogo, ua wangu ni mkubwa, kamba ziko wazi, meza zipo mbili na kioo cha marehemu mke wangu. Watoto wa watu wanakuja saa nane. Utanipisha nibebe matenga, au nipitie dirishani?"

Jemadari alitazama zile pasi. Mama Pasi, aliyekuwa nyuma yake, aliona shingo ya mumewe ikishuka polepole, kama mtu aliyebeba gunia siku nzima na sasa mtu amemwambia liweke chini. Akapisha.

Wakahamia kwa Povu na matenga yote. Jeshi lilivuka barabara mchana kweupe kwenda kwa adui, na adui alikuwa anawafagilia njia.

Wasichana wakaja kumi kumi, na ua ule ukajaa kelele kama za ndege mtini. Wifi alisimama katikati kama kadhi. "Wewe mrefu, unaandika kwa kushoto? Nilijua. Chukua hii. Wewe, geuka nikuone bega." Mmoja alitambua yake kwa kifungo cha tatu alichokishona mwenyewe usiku wa zamu, kwa uzi wa kushonea vidonda, na fundo la hospitali. "Hilo fundo matroni alinipa alama tisa kati ya kumi!" alisema, wenzake wakacheka mpaka wakashikana. Mwingine alinusa kola nne, akasema ya nne ndiyo, na aliivaa ikamkaa sawasawa. Aliyevaa isiyo yake alitembea mbele ya kioo mikono imesimama kama kinyago cha shambani, na Tingatinga, aliyewekwa kupokea zinazovuliwa, aligeuka ukutani asionekane anacheka.

Lakini kufika saa kumi walikuwa wamekwama. Zilibaki thelathini na moja, miili inakaribiana, sare zinakaribiana. Wifi alipitisha mkono usoni. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Pasi kumwona amechoka.

"Ningekumbuka foleni," wifi alisema. "Nani alikuwa nyuma ya nani. Nikikumbuka sura zilivyofuatana, nguo nayo inakuja. Lakini foleni sina."

Jemadari alikuwa amekaa mchana wote kwenye ndoo iliyogeuzwa, pembeni, hana kikosi. Akainuka, akavuka barabara. Alirudi na daftari. Lile lililofungiwa, ambalo mkewe hakuwahi kulifungua, la majina na rangi. Majina yalikuwa yameandikwa kwa mpangilio wa foleni ya Jumamosi.

Alilishika mbele ya dada yake kwa mikono miwili.

"Dada," alisema. Wasichana wakageuka kumtazama, maana walijua ndiye Jemadari mwenyewe. "Rangi hazina kazi tena. Lakini majina yamefuatana." Akawageukia wasichana. "Na nyie, wanangu, niwaambie. Kosa siyo la shangazi yenu, yeye alinionya. Siyo la mfuaji. Ni mimi. Nilikataza watu wasisemezane kwenye kazi ya kusemezana. Mnisamehe."

Kisha yule wa fundo la hospitali akasema, "Jemadari, ina maana umepigwa na dawa ya kung'arisha?" Ua mzima ukapasuka kwa kicheko, Povu akishika tumbo, na Jemadari mwenyewe, baada ya kitambo, akacheka cheko la aibu ambalo mkewe hakuwa amelisikia miezi mitatu. Mama Pasi alimshukuru Mungu kwa cheko lile kuliko kwa sare zote.

"Dada, ule mkoba..." Jemadari alianza.

"Tutaongea nguo zikiisha," dada alisema, akachukua daftari. "Haya. Baada ya mwenye mwanya alikuja nani? Msome."

Akasoma. Jina moja, dada anafumba macho, anasema, "Mfupi, alikuwa anakohoa, upindo umeshushwa kidole kimoja," na mikono mitatu inatafuta upindo ulioshushwa. Saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado ukutani, msichana wa themanini na nne alijifunga vifungo vyake, akajitazama kwenye kioo cha marehemu, akamgeukia wifi. "Shangazi, ndiyo hii," alisema. "Mama ataiona." Wifi alimkumbatia na sare yenyewe, hakujali mikunjo.

Asubuhi ya Jumatano pasi tatu zilikuwa moto kwenye ua wa Povu tangu alfajiri. Mama Pasi na Povu walinyoosha, Jemadari akafunga, dada akaandika majina. Saa tano na nusu sare zilikuwa chuoni.

*

Mashuka hawakuyapata. Matroni alimwita Mama Pasi wiki iliyofuata, safari hii akampa kiti. Mahafali yalikwenda vizuri, alisema, kila mtu ndani ya nguo yake. "Mlinieleza ukweli na nitawataja vizuri popote. Lakini hospitali ina mashuka mia sita, mama. Siwezi kuwaita wagonjwa waje wayajaribu." Alisema bila kejeli, na Mama Pasi alikubali kwamba hata yeye asingewapa. Kazi ya mashuka ilikwenda kwa watu wenye mashine kubwa mjini.

Alirudi akawaambia. Jemadari, ambaye kwa kweli hakuwa tena Jemadari ila kwa wale wasiosikia habari haraka, alikaa kwenye benchi la mapokezi mbele ya rafu tupu. Dada alikuwa amerudi. Waliongea yale ya mkoba wawili peke yao, mlango umefungwa, na Mama Pasi hakuuliza yaliyosemwa, ila alimwona mumewe akitoka na macho mekundu kwenda kununua dawa ya kifua.

"Nimewanyang'anya riziki," alisema sasa. "Wateja niliwafukuza kwa mdomo wangu."

"Nenda kawaombe," mkewe alisema.

"Wako kwa Povu. Nikamnyang'anye Povu? Baada ya yale?"

Mwezi ulikuwa na siku tisa zilizobaki. Siku tatu walikaa hivyo, pasi baridi, Tingatinga akifua mapazia yao wenyewe mara ya pili ili asionekane anakula bure.

Jumamosi asubuhi walisikia magurudumu. Povu alikuwa anavuta mkokoteni kuvuka barabara, mafurushi yamepangwa juu, na nyuma yake karani wa benki, mwalimu wa hesabu na mama wa saluni, wanasukuma kwa haya kidogo, kama watu waliosindikiza mgeni wakakuta na wao wamekuwa wageni.

"Nipokeeni, mgongo unaniuma," Povu alisema.

"Hizi ni za nani?"

"Zenu. Miezi mitatu nimewafulia. Sasa mimi ni mzee na nyinyi mko wazima, mchukue watu wenu. Na huyu wa hesabu ana maneno mengi, sitaki kumwona tena."

Mwalimu wa hesabu alicheka kuliko wote.

Mume wa Mama Pasi alifungua furushi la juu, akatoa shati la karani, akaligeuza ndani nje. Kila dobi anaijua sheria hii, haijaandikwa popote: mteja akihama, siku ya kwanza dobi mpya hufumua alama ya dobi wa zamani, nguo isiwe na mabwana wawili. Kwenye mshono wa shati palikuwa na alama ya Povu, msalaba wa uzi mweupe. Chini yake, haujaguswa, palikuwa na mishono miwili myeupe na fundo moja, kazi ya dada. Akatoa shati jingine. Taulo la saluni. Suruali ya mwalimu. Kote uzi wa dada ulikuwepo.

"Hukuzifumua," alisema.

"Sikuzifumua."

"Miezi mitatu nimekuita adui. Nimekaa na gazeti mbele ya mlango wako."

"Ndiyo, na ulilishika juu chini siku nzima," Povu alisema. Kisha akaacha mzaha. "Ulikuwa unaumwa, bwana mdogo. Alama ya mgonjwa haifumuliwi. Unamfulia tu mpaka apone."

Mume wa Mama Pasi alitaka kusema asante. Akaliweka shati begani kwake, akamshika yule mzee mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia, akaushikilia, mpaka dada mtu ikabidi aje kuchukua shati ili aanze kupokea.